Macho ya Shahidi na Miaka Thelathini: Rufaa za Unyang'anyi wa Kutumia Silaha, Kutoka Bariadi hadi Arusha

Katika Usukuma ya mashariki, yaani Binza, Maswa, Bariadi, Itilima na Meatu, safari za fedha taslimu zimefuata kalenda ya pamba kwa muda mrefu kuliko zilivyofuata kalenda ya benki. Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichoanzishwa mwaka 1955 kutokana na juhudi za Paul Bomani na wenzake, kiliwalipa wakulima fedha mkononi kwenye magulio, yaani vituo vya vijijini vya kununulia pamba, na utaratibu huo ulivuka salama misukosuko yote iliyofuata, ikiwamo kufutwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976 na kurejeshwa kwake katika miaka ya 1980. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, kila mwenye kiwanda cha kuchambua pamba akawa na magari yake, mawakala wake na magunia yake ya noti, na hivyo fedha zilizokuwa zikipita mkono mmoja zikaanza kupita mikono mingi kwa wakati mmoja, katika barabara za vumbi ambako gari hulazimika kupunguza mwendo kila penye korongo. Gari maalumu la kusafirishia fedha, lenye mabati mazito yasiyopenywa na risasi na sanduku lisiloweza kufunguliwa na dereva, lilibaki kwa sehemu kubwa kuwa chombo cha miji mikubwa. Vijijini ulinzi ulimaanisha gari la kawaida na askari mwenye bunduki.

Historia ya uhalifu uliofuata fedha hizo imesimuliwa zaidi na vyombo vya habari kuliko na wanasheria, na masimulizi hayo kwa kawaida huishia pale watuhumiwa wanapokamatwa. Upande wa pili, yaani yaliyotokea baada ya hakimu kusoma hukumu, umehifadhiwa katika maamuzi ya rufaa, na ndiko ulikojengwa, kesi moja baada ya nyingine, msimamo wa mahakama za Tanzania kuhusu ushahidi gani unatosha kumfunga mtu miaka thelathini. Hoja inayojitokeza katika maamuzi hayo ni kwamba kadiri Bunge lilivyozidi kumnyima hakimu uhuru wa kupima adhabu, ndivyo majaji wa rufaa walivyozidi kukaza masharti ya uthibitisho. Uhuru wa kupima ambao sheria iliuondoa kwenye adhabu uliibukia kwenye ushahidi.

Msingi wa sheria yenyewe ni wa kikoloni. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930, ambayo leo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, iliueleza unyang'anyi katika kifungu cha 285 kuwa ni wizi unaoambatana na nguvu, au tishio la nguvu, inayotumika muda mfupi kabla ya wizi, wakati wa wizi au mara baada yake, ili mwizi apate mali au azuie upinzani. Kwa hiyo kosa hilo lina sehemu mbili ambazo lazima zikutane, wizi na nguvu, na ikikosekana mojawapo kosa hubadilika jina. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilipitisha Sheria ya Adhabu za Kima cha Chini, iliyomlazimu hakimu kutoa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko ishirini na vinne, nusu vikichapwa mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 1972, kisha marekebisho ya Sheria Namba 10 ya mwaka 1989 yakapandisha kima cha chini cha unyang'anyi hadi miaka kumi na mitano, na hadi miaka thelathini pale mkosaji alipokuwa na silaha ya hatari, alipokuwa pamoja na wenzake, au alipomjeruhi mtu.

Kwa muda fulani hali ikawa ya ajabu kidogo: adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ilikuwapo kwenye sheria ya adhabu, lakini kosa lenye jina hilo halikuwa na kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu. Mahakama ya Rufani ililazimika kuziba pengo hilo katika kesi ya Michael Joseph dhidi ya Jamhuri, iliyoripotiwa mwaka 1995, kwa kueleza kwamba silaha au chombo cha hatari kikitumika katika unyang'anyi, basi huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha kwa mujibu wa marekebisho ya 1989. Bunge lilikuja kuliweka jambo hilo wazi kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2004, iliyoongeza kifungu cha 287A chenye kima kilekile cha miaka thelathini, na marekebisho yaliyofuata yakaongeza vifungu vya jaribio la unyang'anyi wa aina hiyo na unyang'anyi wa magenge.

Jaribio linastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu mashambulizi mengi dhidi ya magari ya fedha hushindwa, na kushindwa huko ndiko kunakozua ugumu wa kisheria. Kifungu cha 380 cha Kanuni ya Adhabu kinadai mambo matatu: nia ya kutenda kosa, kuanza kuitekeleza nia hiyo kwa njia inayofaa kuitimiza, na tendo la wazi linaloidhihirisha. Kinaongeza kwamba si kitu kama mkosaji alikatizwa na mazingira yasiyotokana na hiari yake, kwa mfano dereva aliyekanyaga mafuta badala ya breki. Kununua risasi na kukodi pikipiki ni maandalizi tu. Kupanga mawe barabarani huku mtu akiwa ameshika bunduki na gari la mhasibu likionekana linakuja ni jambo lililokwisha kuvuka mpaka huo, ingawa kati ya mifano hii miwili kuna eneo pana ambalo mahakama huliamua kwa kuangalia mazingira ya kila kesi. Mpaka wa upande wa pili, kati ya jaribio na kosa kamili, ni mwembamba zaidi, kwani sheria ya wizi inahesabu kwamba mtu amechukua kitu pale tu anapokisogeza au kusababisha kisogee. Wanyang'anyi walioshindwa kufungua sanduku lililofungiwa ndani ya gari wamejaribu, lakini wale waliolisogeza hata kidogo kuelekea mlangoni kabla ya polisi kufika wanaweza kuwa wamekamilisha kosa, na tofauti ya hatua hizo mbili inaweza kuwa miaka mingi gerezani.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliuongezea mpaka huo umuhimu wa kiutendaji. Kifungu chake cha 301 kinaruhusu mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kamili kutiwa hatiani kwa jaribio ingawa hakushtakiwa kwalo, na Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa ina uwezo wa kubadili hatia kutoka kosa moja kwenda jingine. Hivyo mrufani, yaani aliyekata rufaa, ambaye hawezi kukana kwamba alikuwapo barabarani bado ana hoja ya kutetea, kwamba mali haikuchukuliwa. Hata hivyo hoja hiyo huonekana mara chache kuliko msomaji angetarajia, na sababu yake ni ya kibinadamu: anayedai kwamba alijaribu tu amekwisha kukiri kwamba alikuwapo, na wafungwa wengi huchagua kukana kila kitu.

Ngazi ya rufaa yenyewe ilibadilika sana katika nusu ya pili ya karne ya ishirini. Kesi za unyang'anyi husikilizwa kwanza na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na aliyehukumiwa Bariadi alikata rufaa Mahakama Kuu ya Mwanza na, baada ya masjala ya Shinyanga kufunguliwa, huko Shinyanga, utaratibu ambao haukukoma hata Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao yake makuu. Juu ya hapo palikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mahakama hiyo ilikufa nayo, na Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Mfungwa ana siku kumi za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku arobaini na tano za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Akishindwa huko ana siku thelathini za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani. Katika ngazi hii ya pili husikilizwa hoja za kisheria tu, na katika kesi ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa, ya mwaka 1981, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba haitaingilia matokeo ya ukweli yaliyokubaliwa na mahakama mbili za chini isipokuwa pale zilipoelewa ushahidi vibaya au zilipokiuka kanuni ya sheria.

Kizuizi hicho kingeweza kuwafungia mlango karibu warufani wote, kama majaji wasingeamua mapema kwamba namna shahidi anavyomtambua mtuhumiwa ni suala lenye kanuni za kisheria ndani yake. Mizizi ya uamuzi huo iko katika mahakama ya zamani ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1936, katika kesi ya Mwango bin Manaa, iliweka masharti ya gwaride la utambulisho, yaani mstari wa watu wanaofanana ambao shahidi hutakiwa kumchagua mtuhumiwa miongoni mwao, na mwaka 1953, katika kesi ya Abdullah bin Wendo, ilionya juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa shahidi mmoja aliyeona katika mazingira magumu. Mahakama mpya ya Tanzania ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu ilipotoa uamuzi wa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ulioripotiwa mwaka 1980, ambao huenda ndio unaotajwa mara nyingi kuliko wowote katika rufaa za unyang'anyi nchini. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa na usiotegemeka, na kwamba hakimu asiutumie mpaka awe ameondoa kila uwezekano wa shahidi kukosea. Kisha ikataja mambo ya kupimwa: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga gani, kama palikuwa na kizuizi kati yao, na kama alimfahamu kabla ya siku ile.

Athari ya maneno hayo katika kesi za barabarani ilikuwa kubwa kuliko katika nyingine. Shambulizi la gari la fedha hudumu dakika chache, washambuliaji huwa wageni, risasi hupigwa, na aliyelala chini ya kiti hutazama sakafu zaidi kuliko anavyotazama uso wa mtu. Mwaka 2002 iliripotiwa kesi ya Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri, iliyotokea Kanda ya Ziwa, ambamo Mahakama ya Rufani iliongeza kipimo kingine: shahidi anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza anayoipata huaminika zaidi, na anayechelewa, au asiyemtaja kabisa, hutia shaka. Kwa watu wa Usukuma kipimo hiki kilikuwa na mantiki ya kipekee, kwa maana Sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka miaka ya mwanzo ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi kupambana na wezi wa mifugo, walikuwa wakipiga yowe na kuanza msako saa ileile. Jina lililotajwa usiku ule kwa katibu wa Sungusungu lilikuwa na uzito, na jina lililotajwa wiki mbili baadaye kituoni lilikuwa na maswali.

Pale macho yaliposhindwa, upande wa mashtaka ulitegemea vitu viwili: mali iliyokutwa na mshtakiwa na maneno aliyoyasema mwenyewe. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani ilikusanya masharti katika kesi ya Joseph Mkumbwa na mwenzake, ya mwaka 2007, kwamba kitu lazima kikutwe mikononi mwa mshtakiwa, kitambuliwe na mwenyewe, kiwe kimeibwa karibuni, na kiwe ndicho kilichotajwa kwenye shtaka. Sharti la kutambuliwa ni rahisi kwa ng'ombe mwenye chapa na ni gumu sana kwa noti, kwani noti ya shilingi elfu kumi ya mnunuzi wa pamba haitofautiani na ya muuza dagaa, na ndiyo maana fungu la fedha lenye karatasi ya benki au namba zilizorekodiwa linaweza kuamua rufaa nzima. Katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake Mahakama ilisisitiza kumbukumbu ya maandishi ya kila mkono ambao kielelezo kimepitia, tangu kukamatwa hadi kufikishwa mahakamani.

Kuhusu maneno ya mshtakiwa, mkoa wa zamani wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake, ulikuwa na kumbukumbu chungu. Mwaka 1976 watu waliokamatwa katika msako wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga walifia mikononi mwa vyombo vya dola baada ya kuteswa, na mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili hiyo. Ni vigumu kusoma masharti makali ya baadaye kuhusu maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo mtuhumiwa hutoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, bila kuyahusisha na yaliyopita. Sheria ya 1985 iliweka saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu anapokamatwa, na katika kesi ya Janta Joseph Komba na wenzake Mahakama ya Rufani ilikataa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Polisi waliona ukali huo kuwa zawadi kwa wahalifu. Lakini askari aliyemkamata mtu porini Meatu na kumfikisha kituoni kesho yake alikuwa na njia ya kuomba muda uongezwe, na mara nyingi hakuitumia.

Dhamana nayo ilipata mgogoro wake katika kanda hiyohiyo. Daudi Pete alishtakiwa Musoma kwa unyang'anyi na akanyimwa dhamana kwa sababu sheria ilikataza moja kwa moja, ndipo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza alipotamka kwamba katazo hilo linakiuka Katiba, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubaliana naye. Ushindi huo haukudumu kwa kiwango kilichotarajiwa, kwani unyang'anyi wa kutumia silaha ulibaki katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Mahakama Kuu iliifuta orodha hiyo Mei 2020 katika shauri la Dickson Sanga, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikairejesha.

Warufani wengine waliokolewa na karatasi. Katika kesi ya Kashima Mnadi, ya mwaka 2011, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hati ya mashtaka ya unyang'anyi lazima imtaje mtu aliyetumiwa nguvu au kutishwa, kwa kuwa bila yeye kuna wizi tu. Hati inayosema kwamba kampuni ilinyang'anywa fedha, bila kumtaja dereva au mlinzi aliyeelekezewa bunduki, ina kasoro. Swali linalofuata ni kama kesi irudiwe, na jibu lake limetoka katika uamuzi wa mwaka 1966 wa Fatehali Manji, kwamba kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake.

Dar es Salaam, mwaka 2006, ilionyesha upande mwingine wa suala hili la uthibitisho. Tarehe 14 Januari wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi waliuawa na polisi, ambao walidai kwamba marehemu walikuwa majambazi walioshambulia gari la kampuni ya BIDCO katika Barabara ya Sam Nujoma na kupora fedha. Tume ya Jaji Kipenka Mussa iliyaona madai hayo kuwa ya uongo, na maofisa wa polisi, akiwamo Abdallah Zombe, wakashtakiwa kwa mauaji. Jaji Salum Massati aliwaachia huru tarehe 17 Agosti 2009. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, ikatupwa Mei 2013 kwa kasoro katika taarifa ya rufaa, ikaletwa upya, na tarehe 16 Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani Christopher Bageni na kumhukumu kifo, huku Zombe akibaki huru. Watu wanne waliouawa hawakupata hata hakimu wa wilaya wa kupima kama kuna shahidi aliyewaona kwenye gari lile.

Kenya ilifuata njia kali zaidi, na kwa hiyo migongano yake ilikuwa mikubwa zaidi. Tangu mwaka 1973 unyang'anyi wa kutumia nguvu katika mazingira mazito uliadhibiwa kwa kifo, na kifungu cha 297(2) kikatoa kifo hata kwa jaribio, ilhali kifungu cha 389 cha kanuni ileile kilisema kwamba jaribio la kosa lenye adhabu ya kifo lisizidi miaka saba. Katika kesi ya Evanson Muiruri Gichane, ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliona kwamba shaka hiyo lazima imnufaishe mfungwa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatamka, katika shauri la Joseph Kaberia Kahinga, kwamba vifungu hivyo havieleweki vya kutosha. Uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa Desemba 2017 uliofuta ulazima wa adhabu ya kifo uliwapa matumaini maelfu ya wafungwa wa unyang'anyi, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipofafanua kwamba ulihusu mauaji peke yake.

Tanzania haikuwa na mlango wa namna hiyo, lakini kwa miaka kumi ilikuwa na mwingine Arusha. Mwezi Machi 2010 iliwasilisha tamko la kuwaruhusu watu binafsi kufungua mashauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na wengi wa waliojitokeza walikuwa wafungwa, wakiwamo wengi wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Katika shauri la Alex Thomas, lililoamuliwa tarehe 20 Novemba 2015, mahakama hiyo iliona kwamba haki ya kusikilizwa ilikiukwa kwa mtu aliyehukumiwa miaka thelathini huko Rombo, kesi yake ikiwa imeendelea wakati yeye ni mgonjwa na hana wakili. Mwaka uliofuata yalikuja mashauri ya Wilfred Onyango Nganyi na wenzake, Wakenya waliokamatwa Msumbiji na kushtakiwa Moshi, na ya Mohamed Abubakari, yote yakigusa ukosefu wa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipitishwa wakati maamuzi haya yakiwa bado mapya, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yaligusa tatizo ambalo mfungwa wa Binza alilijua zaidi, la kusikilizwa kwa lugha moja na kuandikiwa hukumu kwa nyingine.

Tarehe 21 Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko lake, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Tangu siku hiyo, mfungwa wa unyang'anyi kutoka Bariadi ambaye rufaa yake imekataliwa na Mahakama ya Rufani amebakiwa na maombi ya marejeo, yaani kuiomba mahakama ileile iangalie upya uamuzi wake, na kwa mujibu wa kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 na msimamo wa kesi ya Chandrakant Patel, maombi hayo hukubaliwa pale tu kosa linapoonekana wazi kwenye uso wa kumbukumbu, pale mtu aliponyimwa haki ya kusikilizwa, au pale uamuzi ulipokuwa batili, ulipotolewa bila mamlaka au ulipopatikana kwa ulaghai.